Samaki wa Dhahabu na Wakwe wa Awasi

Hapa Kaloleni hakuna anayetunza samaki wa dhahabu kama mimi. Hilo nalisema bila haya, hata baada ya yaliyonipata Jumamosi. Wangu humpa punje chache tu za chakula, na maji ya mfereji huyaacha yakae siku nzima ili dawa iishe nguvu.

Asubuhi hiyo nilimhamishia kwenye jagi la buluu ili nisugue bakuli lake. Kabla sijamaliza, wageni kutoka Awasi wakabisha hodi. Walikuja kumposea kijana wao binti yetu, Akinyi. Nikawakaribisha, nikaanza kuwapa somo.

"Mzee, samaki wa nyumbani hafi kwa njaa," nilimwambia baba wa kijana. "Anakufa kwa kulishwa ovyo."

Akaitikia kwa heshima. Mke wangu akaleta ugali na samaki aina ya ngege wa kukaanga, akaniomba ninawishe wageni. Nikashika jagi lililokuwa karibu, huku nikiendelea kufundisha, nikamimina.

Mzee akabaki amekinga mikono, samaki wangu akirukaruka viganjani mwake.

"Baba Akinyi," akasema taratibu, "kwetu watu wananawa kwanza, ndio samaki aje."