Siku Saba za Kuwa na Mama

Jirani yangu hapa Ukunda huchemsha tui kila Jumamosi mpaka mafuta yajitenge, kisha huyatia asumini kwa ajili ya nywele za binti zake. Harufu ile ikinifikia, mimi hufunga dirisha. Msinicheke. Nina watoto watatu na miwani ya kusomea, lakini mafuta yale hunirudisha kwenye umri wa miaka tisa, nimenuna, ninamtazama mama akimpaka mtoto wa mtu mwingine.

Mama yangu, Bi Mejumaa, alikuwa mama karanga huko Msambweni. Alinunua samaki pwani, akawakaanga na kuwauza kando ya barabara. Mwaka ule tajiri mmoja alinunua shamba lililopakana na bahari, akaiziba kwa ua njia yetu ya kushukia pwani, akatia lango na mlinzi mwenye rungu. Wanaume walitaka kwenda na mapanga. Mama akawaomba wamwachie yeye kwanza. Aliwakusanya wanawake wenzake, wakatandika mikeka mbele ya lango, wakawa wanashona makuti hapo tangu asubuhi hadi alasiri, siku baada ya siku, na mlinzi akipita wanamsalimu kwa adabu. Sharti lake lilikuwa moja: hapana kupiga, hapana kutukana. Atakayevunja, atakaa nyumbani kwake siku saba, asifike langoni. Bi Mwanasiti, shoga yake mkubwa, alikwisha kuzimaliza siku zake saba kwa neno moja tu alilomtupia mlinzi.

Sifa za mama zilifika hadi Kombani. Watu walikuja kumwona, vijana wakubwa wakamwita mama, hata ajuza mmoja asiye na meno alimwita mama. Mimi sikuona sifa yoyote. Niliona sufuria baridi nyumbani na nywele zangu za timutimu ambazo hazikuwa zimeguswa tangu mwezi uandame.

Kisha akatokea Mwende. Alikuwa binti wa yule mlinzi, rika langu, wameletwa na kazi kutoka Ukambani. Mamake alikuwa amebaki huko kulima. Kila adhuhuri alimletea babake chakula. Siku moja mama alimtazama kichwa, akaweka makuti chini. "Njoo, mwanangu," alimwambia. "Nani amekuacha hivi?"

Mwanangu! Alimkalisha mbele yake, akakilaza kile kichwa magotini, akakipaka mafuta ya nazi polepole, akamsuka mistari myembamba iliyonyooka. Ilichukua siku tatu, kwa kuwa mama alisuka na kushona kwa zamu. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, tena ilikuwa imekaa magotini pa mama, inakula andazi langu.

Siku ya tatu niliokota kifuu cha nazi nikakivurumisha. Kilimpata Mwende juu ya nyusi, damu ikamtiririka hadi kidevuni. Babake alikuja mbio na rungu. "Si mlisema nyinyi hampigangi mtu!" alipiga kelele. Wanawake wakainuka, na nyuma yao wanaume waliokuwa wakingoja kisingizio tu.

"Ketini," mama alisema. Alimfuta Mwende damu kwa ncha ya leso yake, akamwomba mlinzi radhi, naye mlinzi akasimama palepale na rungu lake, hajui alifanyie nini. Nilidhani nitachapwa. Badala yake mama alikunja mkeka wake.

"Mwanangu amepiga. Siku zake saba zinaanza leo," akawaambia wenzake. "Na mtoto wa miaka tisa hakai peke yake."

"Mejumaa, huyu ni mtoto!" Bi Mwanasiti alilia. "Ukiondoka, sisi tutashikwa na nani?"

"Kwani nilikuwa nimewashika?"

Tukaenda nyumbani. Nitasema kweli: sikujuta. Zile ndizo siku tamu kuliko zote za utoto wangu. Nilikula chakula cha moto, nililala ubavuni pake, nilimfuata kisimani na jikoni kama kivuli. Ikiwa Mwende alishonwa jeraha au hakushonwa, sikuuliza.

Siku ya tano, baada ya alasiri, alikuwa akinisuka tuliposikia vigelegele. Bi Mwanasiti aliingia uani akitweta. Amri ilikuwa imetoka kwa wakubwa, lango limefunguliwa. "Njoo upite wa kwanza," alisema. "Hakuna aliyevuka, tunakungoja wewe."

Niliyakumbatia magoti ya mama kwa nguvu zangu zote.

"Siku zangu hazijatimia," mama akajibu. "Piteni."

Bi Mwanasiti alimsihi, akakasirika, mwisho akaondoka akifuta macho. Mama aliendelea kunisuka. Mstari wa mwisho aliufumua mara mbili, nami nilitabasamu. Nilijua amenichagua mimi.

Miaka imepita, na kila mwaka watu hukusanyika pale kumkumbuka. Watoto wa shule hufunzwa kwamba aliikomboa njia bila kuinua fimbo, na kwamba ndiye aliyetangulia kupita. Wanawake waliojua ukweli hawakuusema, na wengi wamekwisha kwenda mbele ya haki. Mwende, ambaye siku lango lilipofunguliwa alikuwa kwao na jeraha lake, sasa ni mwalimu, na ndiye huandaa shughuli. Ana kovu juu ya nyusi na humwita mama yangu "mama yetu", na ninaona haya kuwaambia kwamba neno hilo lingali linanichoma.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilimuuliza kwa nini alikubali kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, yeye aliyechukia uongo hata wa mzaha. Alinitazama kama aliyeulizwa jina lake.

"Ningesema sikuwepo," akasema, "wangeuliza kwa nini."

Basi miaka yote ile niliyomhesabia watu aliowapenda kuliko mimi, alikuwa akiubeba uongo huo mmoja, kwa ajili yangu peke yangu.

Mwaka huu Mwende aliposoma tena kwamba Bi Mejumaa ndiye aliyepita wa kwanza, nilisimama. Nikawaambia hakuwepo. Kisha nikawaambia kwa nini.