Kipimo cha Risasi ya Kusubu

Aliyenifundisha kulenga shabaha alikuwa mwanamke wa makamo niliyefanya naye kazi Louisville, Marekani, katika kiwanda cha kufungasha dawa za mifugo. Yeye alikaa mwanzo wa mkanda, mimi kwenye mizani. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kopo moja katika kila makopo ishirini, kulipima, na kusimamisha mkanda kama uzito haukulingana na karatasi. Wenzangu waliona kazi ile inachosha. Mimi niliipenda. Siku moja akaniambia, "Mkono wako hautetemeki. Jumamosi njoo nikuonyeshe kitu."

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma. Mlio wa bunduki niliujua kabla sijajua kusoma, kwa hiyo nilipoingia kwenye uwanja wa shabaha nilitafuta kwanza mlango wa kutokea, ingawa sikumwambia. Alinivalisha miwani na viziba masikio, akanitundikia karatasi hatua kumi mbele, akanipa rivolva yake. Nilipiga tano. Matundu yote matano yangefunikwa na kiganja changu. Nilitoka pale mgongo umenyooka. Kwa mara ya kwanza mlio ule ulikuwa umeanzia kwangu, na hakuna mtu aliyekimbia.

"Mama mzima wa kanisani unapiga bastola?" mume wangu aliuliza jioni ile.

"Napiga karatasi, Baba."

Akaitazama karatasi niliyomletea, akaigeuza upande wa pili kana kwamba atakuta maelezo, kisha akaibandika kwenye jokofu.

Mwaka 2014 tulihamia Columbus kwa sababu ya kazi yake ya ghala. Huko nilinunua rivolva yangu mwenyewe, nikajiunga na klabu, na nikagundua kwamba risasi za kununua ni adimu. Nilikuta rafu tupu duka baada ya duka. Wazee wa klabu walikuwa hawahangaiki. Waliokota maganda yao ya shaba, wakayatia fataki mpya ya kuwashia na baruti mpya, wakafunga juu yake risasi waliyoisubu wenyewe, yaani kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu. Mume wangu alicheka sana niliposema natafuta risasi za risasi.

Mjane mmoja alikuwa anauza vifaa vya marehemu mumewe: mashine ya mkono ya kujazia maganda, mizani ndogo, kalibu ya chuma ya kusubia, na kopo la risasi zilizokwisha subiwa. Juu ya vyote aliniwekea daftari lenye vipimo vya baruti, vimeandikwa kwa penseli.

"Fuata hilo daftari," aliniambia. "Alipiga miaka arobaini, na amezikwa na vidole vyake vyote kumi."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini nilipofika nyumbani na kulifungua, niliona jina la baruti na namba, basi. Daftari halikusema risasi yenyewe ina uzito gani. Nikachukua kitabu nilichonunua dukani. Kilikuwa na kurasa nyingi za risasi zilizovikwa shaba, na za kusubu kama yangu hakuna hata moja. Nikaingia kwenye mtandao. Watu watano walinipa namba tano, na kati ya ile ndogo na ile kubwa palikuwa na pengo la kuogofya. Mmoja alikuwa ameandika kwamba yeye anatumia hiyo yake na bado yuko hai.

"Chukua ya katikati," mume wangu alishauri.

"Katikati ya wanaobahatisha utakuta nini, Baba?"

Sikuwa namkejeli. Nilikuwa nimeshaelezwa klabuni. Baruti ikizidi, bastola inaweza kukupasukia mkononi. Ikipungua, risasi inaweza kukwama ndani ya mtutu, na utakayoifyatua nyuma yake itaikuta humo humo. Kiwandani, karatasi mbili zikipingana nilikuwa nasimamisha mkanda. Nikafanya vilevile: nikafunika kila kitu kwa kitambaa, nikakisogeza juu ya kabati.

Kilikaa huko mpaka tulipohama tena, safari hii kuja Buffalo, jimbo la New York, ambako mume wangu ana ndugu. Tulinunua nyumba ndogo mtaa wa Riverside, yenye gereji ya mbao upande wa nyuma. Sheria ya New York inataka kibali kabla bastola haijavuka mpaka, kwa hiyo niliiacha yangu Columbus kwa muuzaji mwenye leseni, nikajaza fomu, nikachukuliwa alama za vidole, nikasubiri. Nilisubiri miezi mingi. Akina mama wa kanisani kwetu, mtaa wa Bailey, walifikiri nimeshaacha ule mchezo. Kumbe nilikuwa na wakati kuliko nilivyowahi kuwa nao, na nikaamua kibali kikitoka kinikute ninajua ninachokifanya.

Nilianza kwa kupiga simu kwa watengenezaji wa baruti. Namba yao ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa kopo la baruti, lakini hakuna mtu klabuni aliyewahi kuniambia kwamba inapokelewa. Alipokea mwanaume mwenye sauti ya mtu mzima. Nilijieleza kwa Kiingereza changu cha kiwandani, nikitegemea ataniharakisha. Hakuniharakisha.

"Risasi yako ina uzito gani?" aliuliza.

Nikamtajia, mpaka desimali.

"Umepima ngapi?"

"Hamsini. Hiyo ni wastani. Nina nyepesi kuliko zote na nzito kuliko zote pia, kama unazitaka."

"Watu huwa wananiambia ni kama ile ya kawaida," alisema. Kisha akauliza urefu wake, kama kichwa ni bapa au mviringo, na namba iliyochongwa kwenye kalibu.

"Haina namba."

"Inayo. Isafishe, nitakusubiri."

Nilikwenda na mafuta ya cherehani na mswaki wa zamani, nikasugua kutu. Chini yake zikatokea tarakimu, moja baada ya nyingine, nami nikamsomea. Alisema kampuni yake iliwahi kuipima risasi ile ile na kuichapisha katika kijitabu cha zamani, na kwamba baruti ya sasa haijabadilika. Akaahidi kunitumia ukurasa huo. "Lakini usiniamini mimi peke yangu," aliongeza. "Tafuta kitabu cha waliotengeneza kalibu, ulinganishe."

Nilimpenda mtu yule kwa maneno hayo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia hivyo, wala mjane, wala wa mtandaoni.

Kitabu chenyewe kilikuwa hakichapwi tena. Maktaba ya Buffalo haikuwa nacho, ila bibi wa kaunta alijaza karatasi ya kukiazima kutoka maktaba ya mji mwingine, akasema kitakuja kitakapokuja. Kilikuja baada ya majuma matatu. Nilikichukua nikitoka kazini, nikapitia Grant Street kununua unga na dagaa, halafu uvumilivu ukaniishia. Nikakaa ndani ya gari mbele ya duka, gunia la unga kiti cha pembeni, nikafungua.

Mchoro wa risasi yangu ulikuwa ukurasa wa kulia. Kichwa kile kile, mifereji ile ile, namba ile ile ya kalibu. Nikatoa ule ukurasa wa mtu wa simu na kuuweka kando yake. Kipimo cha kuanzia kilikuwa kimoja. Vikomo, yaani vipimo vya juu visivyopaswa kupitwa, vilipishana kwa unywele tu, nami nikashika kile kidogo. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akachungulia kuona kuna nini.

Kisha nikaitafuta namba ya daftari. Niliikuta ukurasa uliotangulia, chini ya risasi nyingine iliyo nyepesi zaidi. Kwa yangu, ambayo ni nzito na inazama zaidi ndani ya ganda, namba ile ilikuwa imepita kikomo.

Nilimpigia mjane, nisije nikawa nimemkosea marehemu kwa mawazo. Nikamsomea namba zote mbili.

"Alikuwa na kalibu mbili," alisema. "Ile ndogo aliiuza alipostaafu. Nilikuwa nimeshasahau."

"Basi aliandika sawa," nikamwambia. "Ni kwamba alijiandikia yeye."

Kibali kilitoka, bastola ikaja kwa njia ya sheria, na Jumamosi iliyofuata nikashuka kwenye uwanja wa klabu niliyojiunga nayo Buffalo, chini ya jengo la zamani la matofali. Nilikuwa nimejaza tano za kipimo cha kuanzia, tano za kupanda kidogo, na tano za kupanda tena, zote chini ya kikomo, kila fungu kwenye mfuko wake wenye maandishi. Baada ya kila fungu niliifungua rivolva na kuumulika mtutu kwa tochi. Ulikuwa unang'aa, hakuna hata chembe ya madini ya risasi iliyonata. Fungu la pili liliweka matundu yanayogusana. Sikupanda zaidi; la tatu nikaliacha mfukoni. Sikuona sababu.

Mwisho wa majira ya baridi klabu ilifanya shindano la risasi za kusubu. Tulikuwa kumi na wawili, na mwanamke ni mimi peke yangu. Mume wangu alikaa kwenye benchi la nyuma amevaa kofia yake ya Jumapili. Mimi nilipiga kama ninavyopima: moja, pumzi, nyingine. Mwamuzi, mzee mwenye glovu zilizokatwa ncha, alizihesabu karatasi mara mbili, akaita watu waje waone, ndipo akaandika jina langu mstari wa juu.

Mume wangu alisimama, akavua kofia. "Ni mama watoto wangu huyo," alimwambia jirani yake kwa Kiswahili, na jirani akaitikia kwa kichwa kama ameelewa.

Kabla sijafunga mkoba, wanaume watatu, mwamuzi akiwa mmoja wao, walinizunguka wakitaka namba yangu ya baruti. Sikuwapa. Niliwauliza risasi zao zina uzito gani, na hakuna aliyejua. Nikawaambia waje nyumbani na risasi hamsini hamsini kila mmoja, pamoja na kalibu zao. Walikuja Jumamosi, mwamuzi akiwa wa kwanza, wakakaa meza ya jikoni kama wanafunzi, na mimi nikaiwasha mizani.