Shimo Moja Tu

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, halafu anisikilize. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mwaka juzi, katika uwanja mdogo wa gofu upande wa Nyansiongo. Kama naongopa, duka langu la dawa pale Keroka lifungwe leo.

Mke wangu alikuwa amefariki. Nilimzika kwetu Homa Bay, na binti yetu Akinyi, wa miaka saba, nikamwacha kwa nyanya yake. Nilisema ni wiki mbili. Ukapita mwaka. Kila Jumamosi nilipanga kwenda kumchukua, na kila Jumamosi nikajikuta uwanjani nikipiga mpira peke yangu. Niseme ukweli? Mtoto alifanana mno na mama yake, nami niliogopa kumtazama.

Jumamosi hiyo klabu ilikuwa na siku ya mavazi ya zamani. Kila mwanachama avae kama wachezaji wa enzi za masetla, wale wazungu wenye mashamba wakati wa ukoloni: suruali pana ya kuishia chini ya goti, soksi ndefu, koti zito, tai, kofia bapa. Yangu nilinunua mitumba, fundi akaikata miguu. Nilipojiona kwenye kioo nilicheka, kisha nikakumbuka sina wa kucheka naye. Nilikuwa nimemwahidi Akinyi kwamba saa kumi na mbili jioni nitakuwa mlangoni.

"Baba, usinidanganye tena," aliniambia kwa simu.

Saa tisa manyunyu yakaanza na ukungu ukashuka. Wenzangu wakakimbilia ndani kula nyama. Nikajiambia, shimo moja tu, kisha niwashe gari.

Ndipo nikamwona mzungu mzee amesimama pale uwanja unapopakana na majani chai. Najua unangoja niseme alikuwa na kwato. Hakuwa nazo. Alivaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa vizuri, koti lenye viraka viwikoni, na soksi zilizoshonwashonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Siku nyingine ningeshtuka. Siku hiyo sote tulivaa hivyo, nikawaza tu kwamba huyu mgeni amejitahidi kutushinda.

"Wewe iko peke yako?" akaniuliza. "Mimi pia. Kuja, sisi cheza shimo moja tu."

Hata Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla. Nikadhani anaigiza.

Tukabadilishana kadi, maana katika gofu hujiandikii alama mwenyewe: mwenzako anahesabu mapigo yako, nawe yake. Enzi za nguo zile mtu kama mimi angekuwa anambebea mfuko, lakini huyu alitembea nami bega kwa bega. Akaniuliza nani ananingoja nyumbani. Nikamweleza habari za Akinyi, hata yale ambayo sikuwa nimemwambia mchungaji wangu. Niamini, mwaka mzima sikuwa nimejisikia vizuri namna ile.

"Mimi pia iko na toto," akasema. "Yeye ngoja mimi. Mimi takwenda. Shimo moja tu."

Tukimaliza, anasema hivyohivyo tena, nami nakubali. Kwa hesabu yangu tulicheza mashimo matatu.

Ghafla nikasikia naitwa. Alikuwa Mzee Onchari, mkata nyasi wa klabu, anakuja na mwavuli.

"Daktari, simu yako imelia huko mezani mpaka imechoka. Unaongea na nani?"

Nikageuka nimwonyeshe. Palikuwa na ukungu na bendera ya shimo, basi. Mzee akanitazama kuanzia kofia mpaka soksi.

"Na hizo nguo unabaki huku peke yako?" akasema polepole. "Kulikuwa na setla hapa. Uhuru ulipokuja wenzake wakauza mashamba, mke wake akatangulia Ulaya na mtoto. Yeye akasema anamaliza kucheza, atafuata. Baba yangu ndiye aliyemwokota amekufa, hapohapo umesimama."

Kadi ya yule mzungu bado ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiangalia. Ilijaa namba mbele, nyuma, mpaka pembezoni, hakuna nafasi ya kuweka hata nukta. Na mwandiko ulikuwa wangu.

Ilikuwa saa moja jioni. Simu ilionyesha Akinyi amenipigia mara kumi na moja. Niliendesha gari nikiwa na nguo zilezile, nikafika saa nne usiku. Nyanya yake alifungua mlango bila kunisalimu. Mtoto alikuwa amelala sakafuni, kichwa juu ya begi lake, viatu miguuni. Akafumbua macho, akaona soksi zangu.

"Baba, umevaa nini?"

Akacheka kicheko cha mama yake. Nikaketi palepale sakafuni nikalia.

Sasa tunaishi pamoja Keroka. Fimbo za gofu nimezigawa. Lakini ukungu ukishuka jioni, mkono wangu wa kulia huanza kukunja vidole wenyewe, kana kwamba umeshika fimbo, na namsikia yule mzungu akiniita kwa upole. La kuogopesha si hilo. La kuogopesha ni kwamba ninamkumbuka kwa hamu, na kuna siku nimefika mpaka mlangoni. Akinyi huniuliza naenda wapi, nami hurudi nikaketi.

Wewe je, kuna anayekungoja? Basi usijiambie unamalizia kidogo tu. Nenda sasa, kabla hajavua viatu.