Jua Lilivyonipoteza Dar es Salaam

Walisema nitapotea. Walisema mbele yangu, bila kushusha sauti, kama watu wanaozungumzia mbuzi. Jirani yetu mvuvi, ambaye ua wake na ua wa bibi zilitenganishwa na kamba ya kuanikia nyavu tu, alisema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Huyu mutoto alipotea Kizuka, kati ya michikichi, akalia mpaka mbwa wakamuonea huruma. Leo munamutuma Dar? Mumutupe mu ziwa tu, iko karibu."

Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ni kweli nilipotea Kizuka.

Sasa, ndugu yangu, ukifika Rumonge, kwetu Burundi, uliza mpima ardhi mwenye diploma. Hawatakutajia jina, watakuonyesha nyumba. Nimepima viwanja kuanzia Magara hadi Nyanza-Lac, nimewaonyesha watu wazima mipaka ya baba zao, na diploma yangu inaning'inia sebuleni ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Hakuna aliyenisomesha. Nilijisomesha mwenyewe kwa mabega haya haya.

Juzi nilishuka ufukweni na kifaa changu kutafuta mahali ulipokuwa ua wa bibi. Ziwa limepanda na kuumeza. Nilisimama maji yakinifika magotini na, kwa hesabu zangu, nilikuwa juu ya jiko lake. Nilipapasa kwa mguu nikaligusa jiwe moja, laini, la ukubwa wa figa. Hapo yakanirudia yote, na nakueleza wewe kwa sababu unazijua fimbo za zamani.

Mtaa wetu ulinuka mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Asubuhi wanawake walimwaga ndagala mchangani, zikang'aa kama sindano, na sisi watoto tukawekwa kuzilinda dhidi ya kunguru. Tulilinda kwa mawe. Tukiwakosa kunguru, tulirushiana sisi kwa sisi; kovu hili juu ya nyusi ni la asubuhi moja ya namna hiyo. Na kila mtu mzima alikuwa na haki ya kumpiga kila mtoto. Mwalimu wa Kurani alipiga nyayo. Bibi alipiga kwa mwiko wa ugali, ukiwa bado na ugali wake, nawe ukaungua na kulamba kwa wakati mmoja. Jirani mvuvi alipiga kwa ukanda: ngozi pana ya ng'ombe, kifungo cha shaba, aliouzungusha mara mbili kwenye kiganja kabla ya kuanza. Ukiuona mzunguko wa pili, umechelewa kukimbia. Mara nyingine alinipiga kwa ajili ya ndagala nilizoiba, na mara nyingine alinipiga kwa sababu nilipita.

Juu ya fimbo zote hizo kulikuwa na vita. Risasi zilikuja kutoka milimani, kwa hiyo tulifundishwa jambo moja kabla ya kusoma na kuandika: watu wakianza kukimbia, kimbia nao, kimbilia upande wa maji, usiulize. Mtoto mmoja wa darasa letu alisimama kuuliza kuna nini. Tulimzika jioni ile ile.

Walipoanza kuwachukua wavulana wa umri wangu na kuwapa bunduki, bibi aliamua niende Dar es Salaam kwa mjomba, aliyekuwa anauza samaki huko. Nivuke hadi Kigoma kwa boti la wafanyabiashara, kisha treni. Nikasome.

Hapo ndipo mtaa uliponivalisha. Kwetu msafiri hakupewa kitu, aliazimwa. Kila nyumba ilitoa kitu kimoja, kizuri, ambacho wenyewe walikihitaji, na ulipaswa kukirudisha kwa miguu yako. Bibi alikuwa akisema: anayepewa anakwenda, anayeazimwa anarudi. Fundi cherehani aliniazima viatu vyake vyeusi vya Idi, nikajazia karatasi za daftari mbele. Mwalimu wa shule akaniazima mkoba wake wa ngozi. Mjane muuza mawese, wa nyumba ya kona, alileta koti la marehemu mumewe, akalikung'uta mara tatu kabla ya kuliachia. Bibi akafungua kitenge alichokuwa amejifunga, akafungia ndagala za mjomba ndani yake.

Mvuvi alikuja mwisho. Alitazama suruali yangu inavyoteremka, akacheka, akajivua ukanda. Nilirudi nyuma hatua mbili. Akanirushia. "Vaa. Utaurudisha mwaka gani, mupotevu?"

Niliuvaa. Na tangu siku hiyo nilikuwa na neno moja tu moyoni: nifike, na nirudi na vyote vitano.

Nilishuka kwenye treni Dar es Salaam saa kumi jioni, miguu imevimba. Mji ule, ndugu yangu, ulinipiga kwa kelele kabla haujanipiga kwa mikono. Nilianza kwa kuwasalimia watu. Kwetu humpiti mtu bila kumsalimu, kwa hiyo nilisimama nje ya stesheni nikamsalimia mmoja, na wa pili, na wa kumi, hadi taya likachoka, na mchuuzi mmoja wa maji akaniuliza kama nagombea ubunge. Kuvuka barabara nilishindwa mara tatu. Mara ya nne nilimfuata mzee kipofu aliyekuwa na fimbo nyeupe. Magari yalisimama kwa ajili yake, nami nikapita kwenye kivuli chake.

Mjomba alikuwa ametuma maelekezo kwa mdomo wa wafanyabiashara: ukishuka, fuata upande wa maji. Ukifika kwenye maji uliza soko la samaki, wananijua. Maelekezo mepesi kabisa. Hata mpotevu wa Kizuka angeyaweza.

Nilitazama juu. Majumba yalikuwa yamefunika kila kitu isipokuwa jua. Sasa fikiria: nimezaliwa mahali ambapo kila jioni jua linaingia ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Maji na machweo kwetu ni jambo moja. Milima juu, jua linatoka huko. Maji chini, jua linaingia huko. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba Mungu ameumba miji iliyogeuzwa. Basi nikakaza ukanda wa mvuvi, nikalifuata jua. Bahari ilikuwa nyuma yangu, mwendo wa dakika chache, nami nikaipa kisogo.

Nilitembea mpaka viatu vya fundi vikanichuna visigino. Majumba yakafupika, lami ikaisha, harufu ya samaki haikuja. Ningeweza kuuliza. Watu walikuwa tele. Lakini kila nilipofungua mdomo nilimsikia mvuvi akicheka, nikaufunga. Kiburi hicho ndicho kilichonipatia diploma baadaye, kwa hiyo sikitukani sana, ila jioni ile nusura kiniue.

Jua lilikuwa limegusa mabati nilipoingia mtaa mmoja wa vichochoro, ambao sitautaja maana watu wake wa leo hawana hatia. Mwanamke akapiga kelele: mwizi. Kijana mmoja akanipita kasi, amekumbatia simu kifuani. Nyuma yake watu wakaanza kukimbia.

Na mimi nikakimbia.

Sikufikiri. Watu wanakimbia, kimbia, usiulize. Nilikimbia vizuri sana, kwa kuinama, kwa kukata kona, kama nilivyofundishwa na risasi. Kumbe huko anayekimbia ndiye mwizi. Yule wa simu aliingia nyumba asiyoijua mtu, mimi nikaingia kichochoro kisicho na njia ya kutokea, nikageuka, na wote walikuwa wananikimbilia mimi.

Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni, ubao ukanipata gotini, nikaanguka. Baada ya hapo hukumbuki pigo moja moja, unakumbuka miguu. Walinivua viatu kwanza. Mwanamume mmoja alivivaa pale pale, akanipiga teke navyo, na nilivitambua kwa kisigino kilicholika upande. Mkoba ukaenda. Koti likaenda kwa mikono miwili iliyoligombania mpaka likachanika mshono wa bega. Nilijaribu kusema. Lafudhi yangu iliwaongezea hasira tu. Kisha mmoja akauchomoa ukanda kiunoni pangu, akauzungusha kwenye kiganja. Mara moja. Mara mbili.

Nilifunga macho. Nilikuwa nimesafiri siku nne kwa boti na treni, na ukanda wa jirani ulikuwa umenifuata.

Nilipofumbua jicho lililokuwa bado linafumbuka, niliona tairi la gari linaviringishwa na kijana anayepiga mluzi. Mtu akaulizia mafuta. Mwingine akasema kwa fulani yapo.

"Nani anataka mafuta?" Sauti ya mwanamke. "Ninayo hapa, yanachemka. Njoo nikumiminie."

Alikuwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo pembeni. Alikuwa ameliinua karai zima kwa vitambaa viwili, akaja nalo taratibu, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na umati ukampisha. Akamwaga kidogo miguuni pa yule mwenye ukanda. Mchanga ukalia. Yule bwana akaruka kama chura na kutokomea na ukanda. Mama akaendelea kumwaga, kidogo kidogo, akachora duara kunizunguka, hadi karai likabaki na masalia.

Kitenge cha bibi kilikuwa kimepasuka fundo, ndagala zimetapakaa. Akaokota moja, akaitazama kwenye mwanga wa jiko lake.

"Mwizi gani anatembea na dagaa wa Kigoma ndani ya kitambaa cha bibi yake?" akawauliza. "Nionesheni muuzaji wa dagaa hawa mtaa mzima huu, nami nitalileta hilo tairi mwenyewe."

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Kigoma, alizaliwa kwenye ziwa letu, na dagaa wa kwao hawawezi kumpotea hata gizani. Wale watu wakaanza kukumbuka shughuli zao. Kijana wa tairi aliliviringisha kurudi alikolitoa, na bado anapiga mluzi. Mluzi ule naujua mpaka leo.

Mama alinifunga goti kwa kipande cha kanga, akaniuliza nilikuwa nakwenda wapi. Nikasema kwenye maji. Akauliza maji gani. Nikamwonyesha kwa kidole. "Upande jua linaanguka, mama."

"Mwanangu," akasema, "huku maji yako jua linakotoka."

Asubuhi alinipeleka kwenye soko la samaki, mimi peku, nimeshika suruali kwa mkono. Nikaliona jua likichomoza ndani ya maji. Niliketi mchangani.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama jicho langu, akamshukuru mama yule kwa samaki mzima. Kisha akanizaba kofi. "Vitu vya watu," akasema. Sikulalamika, kwa sababu nilijua maana yake: bila vile vitu sina njia ya kurudi Rumonge.

Nilibeba makreti ya samaki asubuhi na kusoma mchana. Wenzangu walisinzia, mimi sikusinzia. Nilichagua upimaji wa ardhi kwa sababu niliapa kwamba hakuna mji utakaonigeuzia jua tena. Bibi alifariki nikiwa bado darasani, sikumzika. Siku nilipopokea diploma, sikwenda kupiga picha. Nilikwenda kununua viatu vyeusi vya saizi ya fundi cherehani.

Wiki ya kwanza niliporudi, nilipita nyumba kwa nyumba, mchana, kila mtu anaona. Fundi alivaa viatu vyake dukani akacheza navyo kwenye pedali ya cherehani. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa mshenga wa kila harusi, alifungua mkoba mpya, akachungulia ndani kana kwamba nimeacha daftari. Mjane wa mawese alipokea koti, akalinusa, akatikisa kichwa: halikuwa na harufu ya mumewe. Akachovya kidole kwenye debe la mawese, akapaka kola, akanusa tena, akalining'iniza mlangoni. Kitenge cha bibi, kitu pekee kilichookoka, nilikitandaza juu ya kaburi lake na kukikandamiza kwa mawe manne pembeni, kama ninavyowekea mipaka kiwanja cha mtu mwenye hati.

Akabaki mvuvi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuchukuliwa na ziwa. Wanawe walikuwa wamemhamishia Kizuka, kati ya michikichi. Nilikwenda kwa miguu bila kumuuliza mtu. Nilifika moja kwa moja.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, amekonda, kaptula ameifunga kwa kamba ya nyavu. Nikajitambulisha. Nikamweleza diploma, viwanja nilivyopima Dar, kila kitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo miaka mingi. Kisha nikampa ukanda mpya, ngozi pana, kifungo cha shaba.

Aliupokea bila kunitazama. Akauzungusha kwenye kiganja. Mara moja. Mara mbili.

Nami, mwenye diploma, baba wa watoto wawili, nikarudi nyuma hatua mbili.

Aliona. Akatazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine, akaanza kuufungua ule ukanda, polepole. "Mutoto," akasema, "ulifika."

Alijaribu kuuvaa. Akauvuta hadi tundu la mwisho, bado ukamlegea, ukateremka nyongani. Ua wa bibi uko chini ya maji sasa, na kamba ya nyavu, na mwiko, na mchanga wa ndagala. Mvuvi mwenyewe tulimzika masika yaliyofuata. Lakini siku ile nilikuwa na kazi. Nikatoa kwenye mfuko wangu nyundo na msumari wa kuwekea alama za mipaka, nikapiga goti mbele yake, nikampima kiuno kwa vidole vyangu, nikaulaza ukanda juu ya shina la mchikichi, nikatoboa tundu jipya.