Kumbe Hemo Ni Damu

Siku niliyomzaa mama yako naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na leo zaidi, kwa vile nakusikia chumbani unaimba masomo yako ya udaktari: hemo hiki, hemo kile. Imba tu. Mimi neno hilo lilitaka kuniua.

Nilikuwa hospitalini, hapa Kalemie. Mtoto ametoka salama, analia, lakini mimi nguvu zinaniishia, shuka limelowa chapachapa. Dokta, kijana aliyesomea mbali, akawaambia watu wangu mlangoni: kuna hemoraji, hemoglobini imeshuka, familia ijipange haraka. Babu yako akaitika ndiyo ya Kifaransa, "Wi, dokta." Shemeji zangu nao, "Wi, wi." Wanaona aibu kuuliza, wanaume wazima! Wakarudi kukaa kwenye benchi. Dokta akadhani wanashauriana, wao wakadhani amekwenda kuleta dawa. Nami nawaona, sauti ya kuwaita sina. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa sana.

Ndipo mama yangu akaingia, ametoka Mpala kwa mtumbwi, kitenge bado kimelowa maji ya ziwa. Hakusalimia mtu. Aliniangalia, akamfuata dokta.

"Papa dokta, mutoto wangu ana nini?"

"Hemoraji, mama."

"Hemo njo nini?"

Shemeji mmoja akamvuta nguo, eti anawaaibisha. Mama akautupa ule mkono.

Dokta akamgeukia. Akasema hemo ni neno la Wagiriki wa zamani, maana yake damu. Ukilisikia limetangulia, ujue habari ni ya damu. Yangu inatoka nyingi, nahitaji ya mtu mwingine.

"Kumbe njo damu? Si ungesema damu! Damu niko nayo." Akanyoosha mkono. "Na nyie munaikala pale munafanya nini? Mutoto afe juu ya haya yenu?"

Wakasimama wote. Walipopimwa, damu ya mama ilifaa, na ya yule shemeji pia.

Sasa sikiliza, wewe utakayevaa koti jeupe. Yashike maneno ya Wagiriki, ujue yalikotoka, ndiyo kazi yako. Lakini ukitoka kwa mgonjwa ukakuta mama aliyetoka kule Niemba anakuitikia wi, wi, usiuamini ule wi. Mwambie damu. Mwambie mwanawe anakufa, aje amtolee damu. Na wewe usipojua jambo, uliza.

Mungu akupe ulimi unaoeleweka na mikono isiyotetemeka. Wanawake watakaolala mbele yako waamke, wakawanyonyeshe watoto wao. Haya, kasome.