Kiwanda Kisicho na Paa

Nyumba ile ilisimama kwa shilingi elfu mbili na mia tisa, mbuzi mmoja wa sadaka ya msingi, na miezi miwili ambayo fundi mwashi hakunisalimia. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau mbuzi.

Kiwanja kilikuwa changu, kule Shela, mahali ambapo mchanga wa vilima huingia bila kupiga hodi. Mamangu aliniachia, na nilikaa nacho miaka huku nikiuza majamvi ya Kipungani mjini Amu, kwa sababu kila aliyekitaka alitaka nimpe na shukrani juu yake. Kisha, katika miaka ile ya hamsini, wakaja mume na mke kutoka Tanga. Mume alikuwa mwalimu wa kuchora aliyeacha kufundisha ili achore yeye mwenyewe. Mke alitia vitambaa rangi na nakshi zake, vitambaa vya kutundika ukutani. Nilimuuliza ni nani atakayenunua nguo isiyovaliwa.

"Bi, na mimi nangoja kumjua," akasema.

Nilimpenda papo hapo, nikampandishia kodi ya kiwanja kidogo tu.

Tulipatana hivi: wao wajenge kwa fedha zao, wakae miaka kumi, kisha nyumba iwe yangu. Walijipa mwaka wa kwanza kuwa wa majaribio. Wote wawili wakiweza kufanya kazi Shela, watakaa. Mmoja akishindwa, mume atarudi Tanga darasani na mke atamfuata. Nami sikutaka warudi, kwanza kwa ajili ya nyumba, baadaye kwa sababu nyingine ambazo hazina bei.

Nyumba waliyoitaka ilikuwa ya kisasa. Waliichora kwenye karatasi, mistari minyoofu mitupu, wakanipa nimpelekee fundi, mtu wa Amu ambaye baba yake na babu yake walikuwa waashi. Akaigeuza karatasi huku na huku.

"Daka li wapi?"

"Hakuna daka."

"Mgeni akiya akae wapi?"

"Aingie ndani moja kwa moja."

"Ndani!" Akanitazama kana kwamba nimesema aketi kisimani. "Na zidaka za ukutani, za kuwekea vyombo?"

"Hakuna. Wataka ukuta mtupu."

"Bi, ukuta usio na zidaka ni uso usio na nyusi."

"Wataka uso usio na nyusi, Fundi. Wao ndio watakaoutazama."

Kitu kimoja tu kilimfurahisha. Katikati ya karatasi palikuwa na mraba mkubwa, na mke alikuwa ameniambia, kidole chake kikiwa juu yake: "Hapa, Bi, ni kiwanda chetu. Kiwe kipana, mwangaza uingie tele. Hiki ndicho moyo wa nyumba." Nikamweleza fundi vivyo hivyo, neno kwa neno, naye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hatimaye watu wa Tanga walikuwa wamesema jambo la maana. Hata bei ya sehemu ile aliitaja ndogo kuliko nilivyotarajia. Nikaipunguza tena, naye akakubali bila kuapa hata mara moja. Nilitembea kurudi Amu nikijisifu ndia nzima.

Wenyewe walikwenda Tanga kuchukua vyombo vyao. Waliporudi kuta zilikuwa zimekwisha kupakwa chokaa. Mke akaingia, akavuka chumba cha mbele, akafika katikati, akasimama. Akatazama juu. Kunguru akapita.

"Paa liko wapi?"

"Paa la nini?" akauliza fundi.

"La kiwanda."

"Kiwanda kina paa?"

"Kwa nini kisiwe na paa?"

Fundi akanigeukia. "Bi, hawa wametoka nti gani?"

Kwetu Amu kiwanda ni ule uwanja ulio ndani ya nyumba, ulio wazi, mbingu zikiwa ndiyo dari yake. Kwao kiwanda ni mahali pa kufanyia kazi, chumba chenye meza na paa kama vyumba vingine. Lugha ilikuwa moja, na kwa kuwa ilikuwa moja hakuna aliyefikiri kuuliza. Angekuwa Mzungu tungemweleza mara tatu.

Mume alijaribu kuchora pale siku ile ile. Upepo ukachukua karatasi, jua likakausha rangi kabla haijafika alipotaka ifike, na mchanga ukamaliza kazi iliyobaki. Jioni alikuwa na picha moja unayoweza kukwaruzia magaga. Kuezeka paa zima nako hakukuwezekana. Boriti ya mkoko ina urefu wake iliopewa na Mungu, na kiwanda kile kilikuwa kipana mara mbili yake.

"Jenga nguzo katikati," akasema mume.

"Ngoja," akasema mke.

Alikuwa amefunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta na kuanika vitambaa vyake. Vilikuwa vimekauka sawasawa, buluu ikawa buluu kweli. Tanga alianika uani kwa jirani na kugombana na kuku. Hapa alikuwa na uwanja mzima, kuta nyeupe pande nne, hakuna mtu wa kuchungulia.

"Usinigusie hapa," akamwambia mumewe. "Hii ndiyo nyumba niliyokuwa sijui kwamba naitaka."

"Na mimi nichoree wapi, mke wangu? Chini ya kitanda?"

"Kitanda kina kivuli kizuri."

Walicheka, lakini mume hakucheka mpaka mwisho. Vyumba vya ndani havikuwa na mwangaza wa kuchorea, na fedha zilizobaki hazikutosha chumba kipya. Wakiezeka, mke hana kazi. Wasipoezeka, mume anarudi darasani. Niliwaona wakinigeukia pamoja, kama watoto waliovunja mtungi.

Nikawaambia wafanye msana: paa jembamba upande mmoja wa kiwanda, upande wa kusini, urefu wa boriti na si zaidi, wazi kwa mbele. Fundi alilazimika kutoboa ukuta aliokwisha kuumaliza ili boriti zikae, na ndipo alipoacha kunisalimia. Lakini msana ukasimama, na mume akaingiza meza yake chini yake.

"Tumekuja kujenga nyumba ya kisasa," akasema, akiangalia huku na huku, "tumejenga nyumba ya bibi yako."

"Ya bibi yangu ilikuwa na daka," nikamwambia.

Na kwa kuwa najua watu wawili na uwanja mmoja huleta nini, nikaweka sharti mbele yao wote: penye kivuli ni pa bwana, penye jua ni pa bibi. Wakapeana mikono. Nilidhani sijawahi kufanya mapatano safi kama yale. Ilikuwa kaskazi, jua likipita upande wa kusini, na kivuli cha msana kilimwagika hadi karibu na katikati ya kiwanda.

Kisha masika yakapita, kusi ikashika. Asubuhi moja nikiwa dukani Amu, nikamwona mume anakuja, ametembea kutoka Shela, rangi ya kijani sikioni.

"Shikamoo, Bi. Ulisema penye jua ni pake."

"Nilisema."

"Jua limehamia kaskazini. Linaingia msanani."

"Limefika wapi?"

"Jana lilikuwa kwenye miguu ya meza. Leo liko magotini mwangu. Naye analifuata na kamba zake, anaimba."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia jua limekosea njia. Akasema nikalishtaki."

Nikaacha kukunja jamvi. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama anafikiria kurudi Tanga.

"Kurudi?" Akaketi juu ya majamvi yangu bila kukaribishwa. "Bi, juzi kitambaa chake kimoja kilining'inia mbele ya uso wangu, kinadondosha maji, jua nyuma yake. Nilikasirika. Kisha nikakichora. Katika picha zote nilizochora hapa, hiyo ndiyo ninayoweza kumwonyesha mtu. Usimwambie."

"Simwambii. Sasa wataka nini kwangu?"

"Wewe ndiwe uliyefunga mapatano, na wewe ndiwe mjuzi wa kupatana. Nikimpisha leo, wiki ijayo niko barabarani na meza yangu. Nikimzuia, kesho anaanika kile kitambaa chake kikubwa cha manjano mbali nami, na sitakipata mbele yangu nikichore. Sitaki kushinda, Bi, na sitaki kuhama. Nishauri. Nirudi nimwambieje?"