Salamu za Mlangoni

Siku niliyoondoka kwenye duka langu la kushona sare Kisii mjini kwenda nyumbani, upande wa Nyamache, nilikuwa nimejiandaa kugombana. Wifi yangu alinipigia simu kutoka Sironga, anakopika katika shule ya bweni na kurudi kwake wikendi tu. Alisema mume wake, yaani mdogo wangu, hajachuma chai mwezi mzima. Kisha akapunguza sauti. "Wifi, juzi ameniambia watoto wataishi afadhali bila yeye." Maneno hayo ya mwisho yalinipita. Mimi nilisikia chai tu.

Nilipofika shambani nilikasirika maradufu. Chai huchumwa majani mawili na kichipukizi, kila baada ya wiki moja au mbili. Ukiisahau inageuka msitu. Yake ilikuwa imenifika kifuani. Na huyu ni mtu ambaye majirani wa kikundi chao cha kuchumiana chai walimtania kwamba ana mikono minne.

"Mama, wewe huoni?" nilimuuliza mama, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka hapo.

"Chai naiona. Yeye ningemwonaje?" akasema. "Kila asubuhi namsalimu, na ananijibu vizuri."

Hakuwa anajitetea. Kwetu mzazi havuki kizingiti cha mwanawe aliyeoa; ni heshima tuliyoikuta na tutakayoiacha. Kwa hiyo kila asubuhi mama alisimama kwenye jiwe la mlangoni, akaita, "Bwakire buya!" Kumekucha salama. Kutoka ndani sauti ikajibu, "Buya mono," vizuri kabisa, naye akaenda kukamua ng'ombe akiwa ametulia. Mwezi mzima mwanawe alimjibu hivyo akiwa amejifunika blanketi mpaka kichwani.

Nilisimama kwenye jiwe lile lile nikafoka. "Toka nje! Hakuna aliyekufa, hakuna aliyekufukuza. Unaumwa nini?"

Alitoka. Suruali yake ilifungwa kwa kamba maana mshipi ulikuwa hauna tundu la kumtosha tena. Aliitazama chai kama mtu anayetazama shamba la jirani. "Dada," alisema, "najua napaswa kuamka. Naiambia miguu iamke, hainisikii."

Hapo ndipo maneno ya wifi yaliponirudia, yale yaliyonipita kwenye simu, na woga ukanishika. Nilikuwa karibu kumpoteza mdogo wangu huku nikihesabu majani. Nilitaka kumkumbatia, lakini sisi si watu wa kukumbatiana, kwa hivyo nikamwambia anawe uso.

Kesho yake tulikuwa mbele ya daktari, mwanamke mmoja mtulivu aliyeuliza maswali polepole. Nilikuwa nikimjibia mdogo wangu, kama nilivyomjibia tangu akiwa darasa la kwanza. Usingizi? Analala kutwa, nikasema. Chakula? Hagusi. Kuna jambo alilokuwa akilipenda ambalo limemtoka? Chai, redio, watoto wake, vyote. Daktari alimuuliza yeye, si mimi, kama amewahi kufikiria kuyakatisha maisha yake. Mdogo wangu akasema ndiyo. Hilo alilijibu mwenyewe.

Daktari akaendelea. "Na hasira? Unafokea watu kwa mambo madogo?"

Mdogo wangu, ambaye hakuwa ametabasamu mwezi mzima, akanitazama kwa pembe ya jicho. "Hiyo ni ya dada."

Nilimfokea pale pale. Daktari akaweka kalamu chini, akanigeukia, akaanza kuniuliza mimi. Ninalala saa ngapi? Nikatambua kwamba naamka saa tisa kila usiku, nikitazama dari na kugombana kichwani na watu ambao hata hawapo. Nilikuwa nimeacha kwaya miaka miwili, nikisema kina mama wa sauti ya pili wananiudhi. Nilikuwa nimemliza mteja kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati la shule. Nilidhani ni umri. Nilidhani ni wateja.

Alituambia kwamba ugonjwa huu, sonona, haumshiki kila mtu kwa namna moja. Mmoja analala asiamke, mwingine usingizi unamkimbia. Mmoja anasusa sahani, mwingine anakula asijue anachokula. Kuna anayelia na kuna anayebweka kama mimi. Kwa wengine huzuni haionekani kabisa, ni kichwa tu na mgongo. Aliposema kichwa, tulitazamana mimi na mdogo wangu. Mama amejifunga leso kichwani tangu baba afariki, na vidonge vyote vya dukani vimeshindwa. "Mleteni naye," daktari alisema. Tulienda na mgonjwa mmoja, tukarudi tukijua wagonjwa ni watatu.

Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza za dawa hazikuleta kitu, nikaenda kumgombeza daktari, akanivumilia. Wifi aliomba ruhusa kazini akakaa nyumbani. Wanakikundi walikuja na panga wakaikata chai yote chini, kwa maana ilikuwa imekomaa mno kuchumwa, kisha ikabidi kungoja ichipue. Mdogo wangu alianza kwa kutoka tu na kuketi kwenye jiwe. Mimi nilirudi kwaya. Siku moja mteja aliniuliza kama duka limeuzwa. "Yule mama mkali ameenda wapi?" Nikamwambia amesafiri.

Halafu ikaja Jumatatu moja ambayo sitaisahau. Wifi alikuwa amesharudi kazini, watoto wameondoka kwenda shule, nami nilikuwa nimelala kwa mama. Asubuhi alitangulia mlangoni kwa mwanawe, nami nyuma yake na kikapu. "Bwakire buya!" akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Nikamwona mama yangu, shemasi wa kanisa, mlinzi wa kila desturi, akiinua mguu wake juu ya kile kizingiti.

"Mama! Niko huku!"

Tuligeuka. Alikuwa katikati ya chai changa, kikapu mgongoni, umande umemlowesha mpaka kiunoni. Mama akaurudisha mguu chini. Akamsalimu upya, safari hii akimtazama usoni.

"Sikulala vizuri, mama," alijibu. "Lakini nimeamka."

"Hata mimi kichwa kiliniamsha," mama akasema, jambo ambalo hakuwa amewahi kumwambia mtoto wake yeyote. Kisha akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia, akamfuata kwenye chai na kandambili zake miguuni. Nikajifuta macho, nikawaambia wachume, kwa sababu lori la kiwanda halingojei watu wanaolia. Jioni ile karani wa kituo cha kupimia majani, ambaye hurudisha yaliyokomaa, alikagua kikapu chetu, na hakurudisha hata jani moja.